Mijusi Kwenye Miiba ya Bi Zuwena

Haya, nakaa niandike, maana kila nikitia mguu Mkunazini mtu ananishika mkono: "Biubwa, huko Oman kumetokea nini? Tumesikia umekwenda kutegua uchawi." Sikwenda kutegua uchawi, jamani. Nilikwenda kushona nguo za harusi ya Raya, binti wa dada yangu Zuwena, na kuhudhuria nikaha yake. Ya tiketi na makaratasi siyasemi, hayana ladha. Nasema ya njiani tu, na atakayeongeza chumvi baada ya hapa ajue si mimi.

Maskati hadi Ibra

Zuwena ni mtoto wa ami yangu. Aliondoka Unguja kigoli, akaolewa Ibra, akazaa, akafiwa na mume, na Kiswahili chake kimebaki kilekile cha mabibi zetu. Alimtuma mwanawe Nasor anipokee uwanja wa ndege. Nasor ni mtu mzima, ana kazi yake serikalini, lakini mama yake alimpa picha yangu ya ujanani, nilipokuwa mwembamba na nywele za kusuka. Basi mimi nimekaa kwenye benchi, na yeye amekaa benchi la pili, saa nzima, kila mmoja anamlaani mwenzake kimoyomoyo. Mwishowe nikampigia simu, na simu ikalia ubavuni mwangu.

"Khalti!" akasema, yaani mama mdogo, ananitazama juu mpaka chini. "Picha yako ndogo, wewe kubwa!"

"Na wewe Kiswahili chako kidogo," nikamjibu, "na mdomo wako mkubwa. Chukua sanduku."

Tukapatana hapohapo. Njia ya Ibra inapita baina ya majabali meusi ambayo hayana hata jani moja. Nikawa nauliza kila kitu: hapa wanakula nini, maji yanatoka wapi, yule mbuzi juu ya jabali amefikaje? Nasor akanijibu manne ya mwanzo, kisha akaninunulia chai ya maziwa na chapati ya jibini ili ninyamaze.

Zuwena alinipokea langoni. Nikamwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye mti ulio kando ya lango, mgunga mkubwa wenye miiba mirefu, wenyewe wanauita samur. Ndani akaniwekea bokoboko lenye samli juu, na sijameza tonge la tatu akanivuta kanga.

"Biubwa, njoo chumbani. Nina balaa."

Akafunga mlango, akatoa mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vijiti vya mgunga, na kila kijiti kina kitu kimechomwa mwibani: mijusi wawili wakavu, panzi wanne, na kichwa cha ndege mdogo. Nikarudi nyuma hatua mbili, nakiri.

"Tangu wiki iliyopita," akasema. "Kila nikitoa, kesho kuna kipya. Hii kazi ya mtu. Nyumba inafungwa hii, na mwanangu anafungwa nayo."

"Nani afanye hivyo?"

Akateremsha sauti. "Thuwaiba."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa mijusi. Thuwaiba ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anakaa Sur. Na mwanawe Thuwaiba, Said, ndiye anayemuoa Raya. Zuwena akanieleza: Thuwaiba alikuja Ijumaa moja, majilisi ya wageni ilikuwa inapakwa rangi, wakakaa nje chini ya mgunga. Wakabishana kidogo, Thuwaiba anataka karamu iwe Sur, Zuwena anataka Ibra. Siku mbili baadaye, mjusi wa kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nikaha ni Ijumaa ijayo. Nikipata uhakika, Raya haendi Sur. Wallahi haendi."

Sasa mimi ni mshonaji, miaka arubaini na kitu nimekaa na pini mdomoni, nikashindwa kujizuia. Nikavaa miwani, nikachukua kijiti kimoja nikakipeleka dirishani. Hakuna uzi. Hakuna fundo, hakuna karatasi, hakuna maandishi. Na kuna jambo jingine: mtu akichoma kitu kwa pini anasukuma kwa dole gumba, na kile kitu kinabonyea pale kilipobanwa. Huyu mjusi hakubonyea popote. Ilionekana kama ameshikwa shingo akavutwa kwa nguvu kuelekea chini mpaka mwiba ukatokea upande wa pili.

"Dada, mkono uliofanya hivi si mkono wa mtu," nikasema.

"Ndiyo nnavyokwambia!" akajibu, na hapo nikajua nimeharibu.

Jioni nilimpima Raya gauni lake la kijani. Mtoto mzuri, mwalimu wa chekechea, macho yamevimba kwa kulia. Nilipokuwa nimepiga magoti napima pindo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Khalti, mimi namtaka Said. Tangu wadogo namtaka. Mama hanisikii. Nisaidie."

Niliweka pini zangu chini. Nikamwambia, "Nitajaribu," na moyoni nikaogopa, kwa sababu mimi ni mgeni wa siku kumi, na ugomvi wa mawifi hauna fundi.

Ibra hadi Sur

Zuwena mwenyewe ndiye aliyenituma Sur. Nijifanye nakwenda kumpima Thuwaiba nguo, kumbe nikachungulie nyumba yake kama kuna vitu vya ajabu. Nilikubali kwa sababu yangu: nilitaka nimuone huyo mtu usoni.

Tulichelewa njiani kwa ngamia. Alikaa katikati ya barabara, ametulia, anatafuna, magari yamepanga mstari pande zote mbili. Nasor akapiga honi. Ngamia akamtazama, akageuza shingo. Baada ya nusu saa mwenyewe akafika na gari lake, nikadhani atamchapa. Akamkumbatia shingo, akamsemesha sikioni, na ngamia akainuka. Nikamuuliza Nasor kamwambia nini. "Kamwambia mama yake anamwita," akasema. Sijui ndivyo au alinitania.

Thuwaiba alikuwa mlangoni kabla hatujazima gari. Mwanamke mrefu, sauti nene, ukoo wa mabaharia na wafanyabiashara. Alilelewa kwa bibi yake Malindi ya Unguja mpaka akawa na miaka saba, na Kiswahili chake amekitia Kiarabu kama mtu anavyotia limau kwenye mchuzi. "Biubwa! Ahlan, karibu, ingia, tafadhali, nyumba nyumba yako!" Akatuwekea sinia ya wali na jodari wa kukaanga, limau kavu, pilipili ya kusaga, na achari ya embe aliyoitia mwenyewe. Akawa ananitolea miba ya samaki kwa vidole vyake, ananiwekea upande wangu. Katikati ya chakula akaniuliza:

"Zuwena hapokei simu yangu, siku ya tano leo. Nimemkosea nini, ukhti? Niambie wewe, usinifiche."

Nikasema ana shughuli nyingi za harusi. Akaitikia "Insha Allah kheri," lakini uso ulikuwa wa mtu asiyeamini, na haki yake.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nikatoka uani kufanya kazi niliyotumwa. Kuna mkunazi mmoja na mabogonvilia ukutani, yote miti ya miiba. Nikainama, nikafunua majani, nikatazama mwiba kwa mwiba. Hakuna kitu. Nilikuwa bado nimeinama, makalio juu, nikasikia nyuma yangu:

"Biubwa! Umepoteza nini?"

Ulimi una haraka kuliko akili. Nikasema, "Hereni."

Laiti ningesema choo. Thuwaiba alipiga ukelele, wakatoka wakwe, wajukuu, jirani, na mtumishi wa jirani. Wanawake tisa wamepiga magoti kwenye changarawe kutafuta hereni ambayo haipo, jua la mchana, jasho linawatoka, na mimi nimo miongoni mwao natafuta kwa bidii kuliko wote. Nikaona nitamuua mtu kwa jua. Nikataka kusema basi, na hapohapo mkwe mmoja akapiga vigelegele. Ameokota hereni ya dhahabu, imejaa udongo.

"Hii si yangu," nikasema, maana hata uwongo una mpaka.

Thuwaiba akaichukua, akaipangusa na mtandio, akakaa chini palepale changaraweni. Ilikuwa ya mama yake. Ilipotea mama alipokuwa hai, wakaitafuta mpaka wakakata tamaa. Akalia, akanikumbatia, akasema Mungu amenileta. Nilitamani ardhi ipasuke, nizame mimi na kazi yangu ya ujasusi. Kuanzia saa ile nilikuwa upande wa Thuwaiba.

Bidiya, tairi limepasuka

Kesho yake tunarudi, karibu na Bidiya, tairi likapasuka. Nasor akatoa la akiba; nalo halina hewa. Akampigia rafiki yake mwenye kambi ya watalii jangwani, rafiki akasema yuko njiani. Njiani kwa watu wa Bidiya ni saa mbili, nimejifunza. Nikakaa kwenye kivuli cha gari na tende zangu, mbele yangu seng'enge ya shamba, na nyuma ya seng'enge mgunga.

Juu kabisa ya mgunga alikaa ndege. Si mkubwa, ukubwa wa shore hivi au kuzidi kidogo. Mgongo wa kijivu, kifua cheupe, mbawa nyeusi, na mstari mweusi umepita machoni kama mtu aliyepaka wanja bila kioo. Alikaa kimya, anatazama chini. Mimi namtazama yeye. Nilikuwa namalizia tende ya nne alipoanguka kama jiwe mchangani, akainuka na mjusi mdomoni, mjusi bado anatapatapa. Akaruka mpaka tawi la kati, akamlaza mjusi juu ya mwiba, akamshika shingo kwa mdomo, akavuta chini. Mara moja. Mara ya pili. Mwiba ukatokea upande wa pili.

Nilisimama na tende zikamwagika zote. "Nasor! Nasor! Njoo umuone mchawi wa mama yako!"

Nasor akaja mbio na simu. "Khalti, hii ndege anafanya nini?"

"Piga picha! Usiseme, piga!"

Tukakaribia seng'enge taratibu. Kwenye mgunga ule kulikuwa na ghala zima: panzi, nge mmoja, mijusi, kila mmoja na mwiba wake, wamepangwa kuliko bucha la Darajani. Yule ndege akamrarua panzi kipande, akaruka nacho mpaka ndani ya majani, kwenye tago la vijiti, na humo akapokewa na mwenzake. Kumbe ni baba wa nyumba. Anaweka akiba ili mke aliyelalia mayai asilale njaa. Nilifurahi, siwezi kuwaeleza nilivyofurahi. Nilisahau jua, nilisahau tairi. Nilitaka kujua kila kitu chake: jina lake, kwa nini hana kucha kama mwewe, nani aliyemfundisha mwiba.

Kisha tukatazama picha ya simu. Nasor alikuwa amepiga dakika tatu za kidole chake mwenyewe na sehemu ya kiatu changu. Ndege alikwisha kwenda zake, na rafiki wa tairi ndiye anafika.

Tulipofika Ibra, Zuwena alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Ndege ana mikono?"

"Dada, nimemuona kwa macho yangu haya."

"Umeona walichotaka uone. Kesho alfajiri tunakwenda Nizwa. Kuna mtu pale Firq, Khalfan, Mpemba, anasomea watu. Yeye ndiye atakayeniambia."

Ibra hadi Firq

Jumatano alfajiri tukaondoka. Kabla ya kupanda gari Zuwena alisimama langoni akizungumza na Jamal, mfanyakazi wa shamba, mtu wa Bangladesh, na mimi nikadhani ni habari ya kumwagilia mitende. Kisha akatuma ujumbe wa sauti kwa simu, ameligeuzia gari mgongo. Sikuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Tukapita Sinaw, tukala mayai na mkate wa rakhali mwembamba kama karatasi, tukatokea Izki, tukafika Firq saa nne. Firq ni gereji tupu: pale wanachomelea, pale wanapiga rangi, pale wanakata vioo. Kila tuliyemuuliza Khalfan alitupeleka kwa mwenzake. Mwishowe tukamkuta, na huyo msomaji mwenyewe, nilidhani nitaona kanzu na tasbihi ndefu. Nikaona mzee mfupi, suruali ina gundi, anashona viti vya gari kwa cherehani kubwa ya ngozi. Wallahi moyo wangu ukamwendea, kwa ile mishono.

Zuwena akaomba faragha, tukaingia nyuma ya marobota ya sponji. Akaanza hadithi tangu Adamu. Mzee Khalfan akawa anaitikia, "Enhe. Enhe." Zuwena akatoa mfuko, akamwaga vijiti juu ya meza ya cherehani. Khalfan akavaa miwani. Akashika kijiti, akakigeuza, akakirudisha. Kisha uso ukamkunjamana.

"Nani aliyevitoa hivi mtini?"

"Mimi," akasema Zuwena.

"Kila siku?"

"Kila siku. Na nasoma ninapovitoa."

"Bibi we! Umekaa wiki nzima unaiba chakula cha watu!" Akaita kwa sauti, "Asma! Hebu njoo hapa uone!"

Asma ni bintiye, anafundisha sayansi skuli ya Manah, siku hiyo ana mapumziko, amemletea babake chakula. Akaja na bakuli la mchuzi wa papa mkononi, akatazama meza, akacheka hadi akaweka bakuli chini. "Baba, hiki si chakula cha surad?"

"Surad nani?" nikauliza, nimekwishatangulia mbele ya wote.

Akatafuta kwenye simu, akatuonyesha. Alikuwa ni yeye! Mgongo wa kijivu na wanja wake. Nikampiga Zuwena kofi la bega. "Huyu! Huyu ndiye wangu wa Bidiya!"

Asma akatueleza. Surad hana kucha za nguvu, basi miguu haiwezi kushikilia windo alirarue. Mwiba ndio mkono wake. Kipindi hiki cha kuzaa ndipo anapoweka akiba nyingi. Kwetu Unguja hatumjui, ndiyo maana wanaotoka visiwani huogopa. Si wa kwanza sisi, alisema, kuna mama wa Manah aliyehama chumba. (Nimekuja kuambiwa hapa na mtu wa Tanga kwamba bara wapo ndugu zake, wanawaita mbwigu.) Nikamuuliza kama wamebaki wachache. Akasema katika orodha ya dunia, ile inayowapanga wanyama kwa hatari ya kutoweka, hajahesabiwa miongoni mwa walio hatarini, lakini idadi yake inateremka mwaka hadi mwaka, kwa dawa za kuulia wadudu na miti ya miiba kukatwa. "Watu hawamwangalii kwa sababu bado yupo," akasema.

Halafu akanipa jingine, maana aliona nina njaa ya maneno. Huko Amerika ya Kusini, msituni, kuna ndege ambao Wazungu waliwapa jina la surad wa sisimizi, kwa kuwa mdomo wao una ndoano kama wa huyu, na si jamaa zake hata kidogo. Wengi wao hawana shida. Wachache wako mashakani, maana msitu wao unafyekwa, na yuko mmoja, hajahesabiwa hatarini, lakini dunia nzima kwake ni safu moja ya vilima mpakani mwa Brazil na Peru. Safu moja! Nikawaza, mtu akikosea pale na shoka, amekwisha.

"Surad na sisimizi," akadakia Mzee Khalfan, "hao wote wawili wamo. Bibi, hukusoma chuoni? Tumekatazwa kuua vinne: sisimizi, nyuki, hudihudi na surad. Huyu huyu. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Sasa chukua vijiti vyako, karudishe, na wifi yako kampigie simu. Mimi sina cha kusoma hapa."

Nilimgeukia Zuwena nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya robota la sponji, rangi imemtoka, mkono kifuani.

"Asubuhi nimemwambia Jamal aukate mti," akasema. "Aukate na auchome moto. Na Thuwaiba nimemtumia ujumbe kuwa nikaha hakuna. Nimemwambia na sababu."

Nasor akapiga simu palepale, akaiweka sauti juu mbele ya mama yake. Jamal akapokea, mnyenyekevu, anataka kusifiwa: mti umelala, madam, tangu saa tatu. Moto bado. Kulikuwa na tago, madam, lina watoto.

"Usichome!" Asma akampokonya Nasor simu. Akamuuliza kwa Kiarabu cha polepole: wangapi, wazima? Walikuwa wanne, wawili wamekufa. Akamwambia alichukue tago na tawi lake, alifunge juu ya mti wa karibu kabisa, kwenye kivuli, kisha watu wote waondoke mbali. Nikamuuliza kama wazazi watawakataa kwa kuwa wameguswa na mkono wa mtu. "Maneno ya watu tu hayo, Khalti," akasema. "Ndege hamkatai mwanawe kwa harufu. Watakuja, kama hawajakata tamaa."

Tukatoka mbio. Nje, mafundi wa Khalfan walikuwa wamekwisha kufungua viti vyote viwili vya mbele vya gari la Nasor na kuvitoa ngozi. Walidhani ndicho tulichojia, nani aende kwa Khalfan ila kwa viti? Ikabidi tungoje saa nzima virudishwe. Zuwena akakaa juu ya kiti cha gari kilichowekwa chini, katikati ya gereji, ameshika simu. Alimpigia Thuwaiba mara nane. Simu iliita mpaka ikakatika, mara zote nane.

Firq hadi Ibra

Njiani tulifika Sinaw. Hapo Zuwena akasema, "Majuto mjukuu," akafunika uso kwa buibui. Mimi pia nilikuwa na hasira naye, sikufichi msomaji, nilikuwa na hasira kweli. Lakini nilimshika mkono.

Tulifika alasiri. Mgunga umelala kando ya lango, kisiki cheupe. Jamal alikuwa amelifunga tago juu ya mkunazi wa uani kwa kamba ya nguo. Raya alikuwa dirishani, amekaa sakafuni. Amekwisha kupata habari ya nikaha kuvunjwa kutoka kwa Said, na hakumtazama mama yake. Tukakaa naye, Zuwena, Nasor na mimi, wanne nyuma ya pazia moja, tunachungulia mkunazi. Tuliwasikia wale wawili wakilia kwa njaa. Dakika ishirini. Arubaini. Yule ndege alikuja akatua kwenye kisiki, akazunguka, akaruka juu ya ukuta, akarudi kwenye kisiki.

"Hajui," akasema Raya. "Anatafuta mti."

Zuwena alikuwa anasoma chini ya pumzi, machozi yanateremka hadi kidevuni. Ndege akaruka akapotea nyuma ya ukuta, nikasema basi, tumemkosa. Kisha akatokea upande wa pili na panzi mdomoni, akasikiliza, akatua kwenye mkunazi, akaingia. Kelele za wale wadogo zikazidi, halafu zikanyamaza, kwa sababu wanakula.

Nasor akataka kupiga makofi, nikamfinya. Raya akalaza kichwa begani kwangu. Nilidhani Zuwena atafurahi, lakini aliinuka akajifuta uso.

"Huyu ndege hakusikia nilichomsingizia mwenzangu," akasema. "Aliyesikia yuko Sur. Kesho asubuhi, Nasor."

Sur, mara ya pili

Alhamisi, siku moja kabla ya nikaha ambayo haipo, tulisimama kwenye mlango wa Thuwaiba. Mara hii hakuwa nje. Tulibisha, tukasubiri kwa muda mrefu, na akafungua nusu ya mlango.

Zuwena hakujitetea. Alisema yote akiwa amesimama juani: mijusi, mfuko, Firq, surad, mti, watoto wawili waliokufa. Akasema, "Nikamtuma na Biubwa akuchunguze nyumbani kwako. Nilikudhania ubaya wifi yangu. Nisamehe."

Mimi nikatazama chini. Thuwaiba alimsikiliza bila kukatiza, mkono juu ya kitasa. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili kitupu, bila Kiarabu hata tone:

"Miaka thelathini umekula mikononi mwangu. Nimekaa nawe edani alipokufa mumeo, ndugu yangu. Ukaja ukamwamini mjusi."

Nikadhani mlango utafungwa. Thuwaiba akaufungua wote.

"Ingia," akasema. "Lakini usinipe mkono, wala usinibembeleze. Kaa pale. Nna hasira, nataka nikasirike mpaka nimalize."

Na kweli akakasirika. Alikasirika tangu saa tatu mpaka karibu na adhuhuri, anakwenda na kurudi majilisini, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akikumbusha kila sahani, kila uzazi, kila homa aliyokesha nayo. Wakwe walichungulia wakatoweka. Zuwena alikaa alipoambiwa akae, mikono mapajani, analia bila sauti. Nami nilipata fungu langu, la kuinama uani kwa watu, na nililistahiki.

Kisha sauti ikamkauka. Akasimama, akanywa maji, akavuta pumzi, akakaa kwenye zulia karibu na Zuwena, magoti yao yakagusana.

"Haya," akasema. "Nimemaliza. Mpigie Raya, mwambie kesho."

Zuwena alichukua simu, akabonyeza vibaya mara mbili. Thuwaiba akampokonya, akapiga mwenyewe.